Tupeane uzoefu: ulifiwa ghafla, ukaletewa pesa. Ilikuwa rambirambi, kifuta machozi au fidia?

Wakubwa shikamooni. Naomba waliofiwa kwa ajali au kwa mnyama waeleze nani alileta pesa, kwa jina gani, na walisainishwa nini. Wajane wengi wa huku Moshi wanapokea bahasha matanga hayajaanuliwa, kisha wakidai haki yao wanaonyeshwa karatasi waliyotia dole gumba. Inaniuma sana.

Nianze mimi. Kaka yangu aligongwa na fuso Bomang'ombe. Mwenye gari alikuja Kibosho baada ya mazishi, na laki tano na kreti za soda, akakaa na wazee mgombani kwa adabu kabisa. Halafu akatoa karatasi iliyochapwa: familia haina madai tena. Shemeji alikuwa ameshashika kalamu. Baba mdogo akaichukua, akaisoma kwa sauti mbele ya watu wote, akaikunja, akamrudishia. "Pole tumeipokea, asante. Hii rudi nayo."

Tukafuata ripoti ya ajali polisi, tukapata cheti cha kifo, kikao cha ukoo kikampendekeza shemeji awe msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo ikamteua. Ndipo tukaenda kwenye bima ya lile fuso, maana bima ya kulinda wengine barabarani ni lazima kisheria. Walituzungusha mno, ila watoto wanasoma kwa hela ile.

Mwana Siha: Poleni. Mjomba wangu aliuawa na tembo alfajiri akilinda mahindi. Afisa wanyamapori alituambia wazi kwamba serikali inatoa kifuta machozi, hailipi fidia. Kwa kanuni za 2011 kifo kilikuwa shilingi milioni moja, nayo ilichelewa mno. Shangazi hataji hiyo milioni. Anamtaja askari wa wanyamapori aliyekuja msibani, akavua koti la kazi, akachimba kaburi na vijana wetu.

Layoni wa Longido: Kwetu Wamaasai ukiua mtu, ukoo wako unalipa ng'ombe 49. Baba alipouawa tulilipwa, kidogo kidogo. Mama hakuyagusa maziwa ya wale ng'ombe kwa muda mrefu, alikuwa anawapa watoto wa jirani. Hakuna aliyemlazimisha, na naona wazee walifanya vizuri.

Mama Njiro: Aliyefia kazini ana haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na anayechangia ni mwajiri. Mume wangu alianguka kwenye jengo. Bosi alilipia jeneza na chakula, akasema yameisha. Hayakuisha, leo napokea pensheni kila mwezi.

Mama Njiro, ubarikiwe. Tafadhali eleza ulianzia wapi na ulibeba nyaraka gani. Kuna dada hapa Majengo mume wake amefia kiwandani juzi, na ameshaitwa ofisini kesho akasaini.