Wakuu naombeni ushauri, nimekaa na wanangu miezi miwili sasa safari siitaki tena

Dereva wa Makorora:
Wakuu habari za muda huu. Msinicheke, au chekeni ila mkimaliza mnishauri.

Mimi ni dereva wa malori, miaka 39, familia ipo Tanga mjini hapa Makorora ila gari linalala Dar. Ruti yangu ni Tunduma mpaka Kongo, wanaoijua wanaijua, ukifika foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, unaweza ukapika ukala ukafua na nguo zikakauka hujasogea. Mwezi mzima kwenda na kurudi kawaida. Nina watoto wawili, wa kike yupo darasa la pili, wa kiume ana miaka minne na nusu, na huyu wa kiume sidhani kama nishawahi kulala nae nyumba moja wiki tatu mfululizo toka azaliwe, kabla ya miezi hii miwili.

Sasa injini ikafa, spea zikawa zinasubiriwa, bosi akasema nenda nyumbani nitakuita. Nikajua wiki moja, imefika miezi miwili. Mama watoto anatoka alfajiri na vitumbua vyake anarudi saa sita mchana, kwahiyo asubuhi yote watoto wangu, kuogesha, kuvalisha, chai, shule.

Wiki ya kwanza niliona kama nimefungwa. Halafu siku moja nipo kibarazani nakunywa kahawa simu ikaita, naangalia namba ya mama watoto. Napokea nasikia "shikamoo baba, umefika wapi?" Kumbe dogo kaiba simu ya mama yake kaingia nayo uvunguni mwa kitanda ananipigia. Nikamwambia nipo hapa nje, akasema najua, halafu akaanza kunihadithia kuku wa jirani alivyomwaga unga, na nani kamnyang'anya penseli, mambo ambayo uso kwa uso hata neno alikuwa hanipi. Mimi ananijua kwenye simu. Ikabidi tuongee hivyo hivyo mpaka salio la mama yake likaisha.

Baada ya hapo wakuu sijui nielezeje. Maji yakikupwa tunaenda Sahare, kila tundu la kaa lazima tuchungulie, mwendo wa dakika kumi unachukua saa nzima na wala sioni shida. Mapango ya Amboni nimezaliwa Tanga sijawahi kuingia mpaka juzi, kilomita 8 tu toka mjini, mimi naijua Ndola ya Zambia kuliko Amboni! Binti akamuuliza yule mtembeza wageni popo nani anawaamsha jioni, jamaa akakosa jibu.

Jumapili moja mama yao yupo msibani, binti kesho shule na kichwa kimefumuliwa. Nikamsuka mimi. Nilitaka ule mtindo wa twende kilioni, njia moja ikaenda Muheza nyingine ikaenda Pangani. Akaenda nazo hivyo hivyo, akawaambia wenzie kasuka baba.

Sasa bosi kapiga, gari tayari, Jumatatu niripoti. Huku kuna jamaa ana fuso ya kokoto na mchanga anatafuta dereva, nalala nyumbani kila siku, ila elfu 15 kwa siku yenye kazi, wakati safari nikipiga vizuri nabaki na laki nane na ushee. Nina pagala Pongwe limesimama linasubiri bati. Mke anasema rudi barabarani, bati hazinunuliwi kwa kuchungulia kaa, tena eti nimemharibia watoto hawalali tena saa mbili. Kijiweni wameshaanza kuniita yaya. Nifanyeje?

kiti moto marufuku:
Weka picha ya nywele kwanza ndio tushauri.

Konda Mstaafu:
Mkuu fuso usiione hivyo, elfu 15 ni kiangazi. Masika ikianza mwezi wa tatu mpaka wa tano nani anamwaga kokoto? Utakaa na watoto mpaka mchukiane. Rudi ruti, ezeka, halafu ndio uanze mapenzi.

Babu Chumbageni:
Mwanangu, mimi nilikuwa reli. Wanangu wanne wote nimesomesha, hakuna aliyeniangusha. Sikukuu wanakuja, wananiletea sukari na kanzu mpya, tunasalimiana vizuri sana, halafu tunaangalia taarifa ya habari. Ikiisha wanaangalia saa. Marehemu mama yao walikuwa wanaongea nae mpaka usiku wa manane, nasikia vicheko nikiwa chumbani. Nyumba niliezeka mapema kweli.

MamaWawili:
Kaka mkeo hajakataa wewe kupenda watoto. Yeye kaendesha hiyo nyumba peke yake miaka yote, wewe umekuja miezi miwili umebadilisha saa za kulala halafu utaondoka, Jumatatu usiku nani atahangaika nao wanaolilia hadithi? Ungemuuliza anaogopa nini kabla hujamuwekea habari za fuso. Na hao wa kijiweni waache, wengi wao hata darasa la mtoto hawalijui.

Afisa Rasilimali:
Nina swali moja, una mkataba? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka siku 28 zenye malipo. Ulishawahi kuchukua? Maana naona unachagua kazi mbili kumbe hata haki ya hii moja hujaimaliza. Hata mtoto alipozaliwa ulikuwa na siku 3 za baba, ndani ya siku 7 za mwanzo.

Dereva wa Makorora:
Mkuu mkataba upo, likizo nilijua ni za watu wa ofisini, miaka sita sijawahi kuomba. Hizo siku 3 ndio usiseme, dogo anazaliwa mimi nipo Nakonde, upande wa Zambia, nabadilisha tairi.

Babu Chumbageni shikamoo, nimesoma yako mara mbili.

Konda Mstaafu:
Basi omba hizo 28 zipangie mwezi wa 12 shule zikifungwa. Na mwambie bosi akupe safari za Morogoro Dodoma, zipo, watu wanaogopa tu kuomba kwasababu posho ndogo.

Dereva wa Makorora:
Mrejesho wakuu. Fuso nimeiacha, jamaa kakasirika kidogo. Bosi nimempigia, kwenye likizo kaguna, kaniambia andika barua uje nayo, ruti fupi hajakubali hajakataa, kasema tutaonana Jumatatu. Mama watoto nilimuuliza kama alivyosema dada hapo juu, tumeongea hadi saa saba usiku, mengine siweki hapa. Bati zitasubiri kidogo. Saa mbili watoto wanalala, nimekubali.

kiti moto marufuku:
Na zile nywele?

Dereva wa Makorora:
Zimefumuliwa. Nimeambiwa nisiguse tena kichwa cha mtoto wa mtu.