Naomba ushauri: nafuu ya kodi kwenye sola ina faida kwa mwenye kodi ndogo?

Wakuu, habari zenu. Nataka kufunga sola nyumbani na nimeletewa makadirio mawili: moja ni paneli na betri ya lithiamu, jingine paneli tu, umeme wa ziada uingie kwenye gridi nipunguziwe bili.

Kinachoniumiza kichwa ni hiyo nafuu. Fundi ameshaitoa kwenye jumla kana kwamba ni punguzo la bei, kumbe ni nafuu ya kodi: nalipa zote kwanza, kodi ipungue baadaye. Sasa mimi kodi yangu ni kiduchu. Nafuu ikizidi kodi ninayodaiwa, salio lake huwa linahamia mwaka unaofuata au ndiyo limekwenda na maji?

Betri nayo ina ruzuku yake, ila maombi lazima yaidhinishwe kabla ya kufunga. Fundi anasema tufunge tu, karatasi zitafuata. Hapo sijamwelewa kabisa.

Paneli dhamana miaka 25, betri 10. Waliotangulia, mkiuza umeme bei ya chini kuliko mnayonunulia, betri inarudisha hela yake? Na mlioongeza betri baadaye, inveta ya mwanzo (kile kifaa cha kugeuza umeme wa paneli utumike nyumbani) iliipokea au mlinunua nyingine?