Mrejesho: ile kazi ya usaisi (kutunza farasi) huku Njoro

Wadau, mnakumbuka niliuliza kama nichukue kazi ya usaisi kwa shamba la kuzalisha farasi wa mbio ama nikae tu na boda yangu? Basi niliichukua. Saa kumi na moja asubuhi nishaamka, ni kutoa mavi, kubadilisha nyasi, maji, brashi, na kwato lazima uzichokoe kila siku la sivyo zinaoza, na zikioza utasikia harufu kabla uone. Yule mdau wa hapa alinionya nisisimame nyuma ya farasi, asante mkubwa, nilisahau mara moja tu na paja likawa zambarau wiki 2. Lakini juzi usiku ndio nimeamua siendi popote. Jike mmoja alikuwa amefikisha miezi 11 ya mimba, chuchu zikatoa kitu kama nta, mzee wa zizi akaniambia leo hatulali kijana. Saa nane usiku mtoto akatoka miguu ya mbele kwanza, mirefu ajabu, akajaribu kusimama akaanguka mara tatu, na haijapita hata lisaa nikamwona anatafuta titi akigonga ukuta na pua. Mshahara bado ni ule mdogo tuliongelea. Boda nimempea ndugu yangu aendeshe.