Minji (njegere) zangu Malindi zinatoa maua halafu yanapukutika yote, shida ni jua ama ni mbegu?

mkulima_sabaki
Asalam aleikum wadau. Niko Malindi upande wa Sabaki, nina kipande nyuma ya nyumba na mwaka huu nikasema wacha nijaribu minji manake hoteli za mjini zinazitaka na zote zaletwa na lori kutoka bara. Nilipanda mwanzo wa Januari, zikaota vizuri tu, zikashika fito, kufika mwisho wa Februari zimejaa maua meupe nikafurahi kweli. Sasa maua yanaanguka yakiwa bado mabichi, kila asubuhi naokota kiganja kizima. Maganda yaliyoshika ni ya kuhesabu, na ukipasua unakuta punje moja au mbili ndo zimejaa, zingine zote ni vidoa vyeupe kama mayai ya chawa. Maji natia kila jioni. Jirani asema nyuki hawaji, mwengine asema mbegu niliyouziwa dukani ni mbovu. Na hizi chache zikikauka naweza kuzipanda tena?

kinangop_mpeketoni
Pole sana ndugu yangu. Mimi nimezaliwa Kinangop kule bara kwenye baridi, minji nimechuma tangu mtoto, sahii nakaa Mpeketoni huku pwani na kosa lako nishalifanya mwenyewe.

Nyuki waache kabisa, ua la minji linajichavusha lenyewe likiwa bado limefumba, ukiliona limefunguka kazi ishaisha kitambo. Na ndo maana joto linakuwahi, linaharibu chavua ndani ya kitumba kabla wewe hujaona hata weupe wa ua. Chavua ikikosa nguvu hairutubishi viyai vyote vilivyo ndani ya ganda, na hata vile vilivyorutubishwa mmea ukiwa hoi unaviacha njiani, hivyo vidoa vyako ndo hivyo.

Minji raha yake ni digrii 13 mpaka 18 hivi, kule kwetu asubuhi tunachuma na sweta. Ikipita 27 zinaanza kusumbuka, ikigonga 30 wakati wa maua ndo unaokota kiganja. Sasa wewe umepanda Januari maua yakaja kaskazi imepamba moto, mchana unapita 30 na usiku Malindi bado unatafuta upepo barazani. Watu wanausahau sana huo usiku. Mchana mmea unatengeneza sukari, usiku unapumua na kuitumia, na usiku ukiwa wa joto unapumua kwa kasi basi ile akiba ya kujaza punje inaliwa kabla ya alfajiri. Maji hata utie mara tatu kwa siku hayafuti hilo, ingawa ukiacha kutia itakuwa mbaya zaidi.

mama_mbaazi_gede
Mwanangu hayo ya joto umeelezwa vizuri, mie nikujibu la mbegu. Punje iliyokomaa kwenye joto kali hujaa harakaharaka, yatoka ndogo na sukari yageuka wanga mapema, ndo hata ukiila bichi haina ule utamu. Ukitaka kuona mwenyewe loweka chache usiku kucha, kesho zipasue vipande viwili uangalie upande wa ndani, ukiona katikati pamebonyea kama kishimo basi hilo ni joto la wakati wa kukomaa au kukauka. Mbegu kama hiyo mara nyingi huota lakini mche wake mnyonge, na udongo wa unyevu waiozesha upesi.

Duka pia usilisafishe wala usilihukumu, manake mbegu ikikaa chini ya mabati Malindi yafa pole pole. Kwa kukadiria, kila ukishusha joto la pahali pa kuwekea digrii 5 umri wa mbegu waongezeka mara mbili, na kila unyevu ndani ya mbegu ukipungua asilimia 1 ni vivyo hivyo. Chukua punje 10 za ile pakiti, zifunge kwa kitambaa kibichi, baada ya siku 7 hesabu zilizochipua.

Lakini kama ni pesa unatafuta, panda mbaazi na masika. Zastahamili jua hili, na nani Malindi hataki mbaazi za nazi na mahamri? Kunde pia nzuri ila usiku ukizidi joto nazo huangusha maua, usije ukashangaa.

kinangop_mpeketoni
Mama amesema kweli tupu. Kama bado roho yako iko kwa minji, panda mwisho wa Mei, aina fupi inayokomaa mapema, maua yaangukie Julai kusi ikivuma. Tandaza nyasi kavu shinani na weka kivuli cha makuti upande wa magharibi kukinga jua la alasiri. Utapata za sufuria ya nyumbani, za hoteli sikudanganyi.

mkulima_sabaki
Shukran sana mama, shukran ndugu. Nimepasua sita nilizoloweka jana, nne zina hicho kishimo. Hizi hatupandi, tunapika. Zile 10 za pakiti nimezifunga kwa leso kuukuu nikaziweka chini ya mtungi, wiki ijayo nawaletea hesabu. Mama, mbaazi nizipande umbali gani, shina kwa shina?

mama_mbaazi_gede
Hatua moja kubwa mwanangu, na mstari kwa mstari uzidishe kidogo. Zikiwa kubwa zataka nafasi.