Tangi la maji ya chumvi nyumbani Malindi: dogo la lita 60 au kubwa la lita 200?

Kaskazi_Mld
Asalaam aleikum wadau. Niko Malindi, Shella (ya huku kwetu, si ile ya Lamu), nataka kuweka tangi la samaki wa baharini sebuleni, la kwanza maishani. Wa maji matamu nshafuga miaka 3, goldifishi hawanisumbui. Bajeti ni elfu 45 hivi na nimebaki na njia mbili. Ya kwanza, tangi la dukani la lita 60, lina taa na filta yake, nachomeka tu. Ya pili, fundi wa vioo hapa mjini anitengezee la sentimita 100 kwa 45 kwa 45, nikipiga hesabu ni kama lita 200, halafu pampu na mengine nanunua kidogo kidogo. Na maji je? Nichote baharini ama ninunue chumvi ya pakiti nikoroge? Bahari iko dakika 5 kwa miguu, kununua chumvi naona kama kumuuzia mvuvi samaki. Mke wangu anasema dogo, mimi moyo uko kwa kubwa.

MwanaAmu
Waleikum salaam kaka. Bibi yangu hapa Mkomani, Lamu, alikuwa na samaki ndani ya birika la chooni, lile la kujengewa la kuwekea mai, wale wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika kumejengewa bakuli la kauri ili mai yakiisha wao wabaki na pa kukaa. Filta hakuijua mpaka anakufa. Lakini yale ni mai matamu, hawa wa baharini ni mabwanyenye.

Mimi nilianza na la lita 60 kwa sababu nakaa ghorofani, na lita 200 ni zaidi ya kilo 200 mai peke yake, tia kioo tia mawe, nani atapakia mzigo huo juu ya boriti za mkoko za enzi ya babu? Basi hilo dogo lilinifunza adabu. Mwezi wa 3, joto lile unalolijua, mai yanapungua upana wa kidole kwa siku 2, na mimi kila yakipungua najazia mai ya bahari nikiona nafanya la maana. Kumbe kinachopaa ni mai, chumvi haipai, inabaki. Kuja kupima uzito wa mai (matamu ni 1.000, chumvi ikizidi unapanda) nasoma 1.031 na inatakiwa 1.025. Wawili walikufa usiku mmoja, wa tatu nilimkuta alfajiri amelala ubavu karibu na pampu, anahema kama mtu aliyepanda ngazi na gunia. Yakipungua jazia mai matamu kaka, ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha tu.

Kwa hivyo ukiwa unakaa chini, kwenye sakafu ya zege, chukua kubwa. Tangi dogo kosa la asubuhi ni msiba wa jioni.

fundi_vioo
Sisemi kwa sababu ni kazi yangu lakini kubwa. Kwenda juu sentimita 45 usikubali kioo chini ya milimita 10. Fundi wako atakwambia 6 inabeba, na kweli itabeba, mpaka siku itakapokataa. Silikoni iwe ile inayonuka siki ikiwa mbichi, na isiwe na dawa ya kuzuia ukungu, hiyo dawa ni sumu kwa samaki. Iache wiki nzima ikauke, kisha lijaze maji uwanjani si sebuleni, siku 2, upitishe tishu kwenye maungio yote. Chini ya tangi tandika lile povu jeupe wanalofungia TV, chembe moja ya mchanga ikibaki kati ya kioo na meza inatosha kupasua.

mama_stoo
Kaka Kaskazi, mimi nachota baharini mwaka wa 4 huu na samaki wangu wapo. Ila bahari ya Malindi si moja mwaka mzima. Mvua ikinyesha bara, mto Sabaki unashuka na tope lote la huko juu, ghuba inakuwa rangi ya chai ya maziwa, ukichota wakati huo umechota udongo na mbolea na maji yenye chumvi pungufu. Mimi nachota msimu wa kaskazi, Januari na Februari, bahari ikijaa, upande wa kusini wa mji, mbali na mto. Mitungi ya plastiki tu, usitie kitu cha shaba hata kidogo. Nachuja kwa leso kuukuu, nafunga, naweka stoo gizani wiki 2 vidudu vife na uchafu utulie chini, nachukua ya juu, nazungusha na pampu siku nzima, napima, ndo natia. Lita 200 ni mitungi 10 ya lita 20, tuktuk safari moja au mbili. Dereva atanuna, maji ya chumvi yakimwagika bodi inaoza, muongezee kidogo.

Saidi_koroga
Mama stoo nakuheshimu lakini kazi yote hiyo, halafu masika yakirefuka na mitungi ikaisha? Chumvi ya akwaria ni kama gramu 35 kwa lita, kujaza mara ya kwanza ni kilo 7, baadaye ukibadilisha lita 20 kila wiki 2 ni gramu 700 tu. Leo na mwezi wa 5 maji ni yale yale. Tabu ni maji ya kuikorogea, ya mfereji yana klorini, ya kisima huku kwetu yana chokaa na chumvi yake mwenyewe. Mimi nanunua yale yaliyochujwa kwa mashine kwenye duka la kujaza maji ya kunywa.

kijana_wa_Gongoni
Na chumvi yetu ya Gongoni je? Imetoka bahari hiyo hiyo na bei ya kutupa 😂

Saidi_koroga
Unacheka lakini watu washajaribu. Kwenye mashamba ya chumvi maji yakikauka chokaa inaganda kwanza, halafu chumvi ya kula, na magnesiamu inabaki kwenye yale maji machungu wanayomwaga. Ukiirudisha majini hupati bahari, unapata mchuzi.

mama_stoo
😂 Saidi bwana. Haya, kwa kujaza mara ya kwanza bahari, chumvi weka pakiti moja ya dharura ya masika. Hapo nakubali.

MwanaAmu
Hita usinunue, Malindi ni ya nini, hela hiyo tia kwenye feni ndogo ipulize juu ya mai, inashusha nyuzi 2 hata 3. Pia pampu ya hewa ya betri. Stima ikipotea masaa 4 mai ya moto hayashiki hewa, samaki wanakuja juu kukwambia. Waya zote zining'inie chini kwanza kabla hazijapanda kwenye plagi ili tone lisifuate waya likaingia soketi.

Halafu usitie samaki wiki ya kwanza. Tia kipande cha kamba wa kula kioze, pima amonia, ile sumu ya uchafu unaooza, ipande ishuke, nitriti, sumu inayoifuata, nayo ipande ishuke, wiki 4 mpaka 6. Ndo sehemu ngumu kuliko zote, kukodolea macho mawe matupu.

Kaskazi_Mld
Na samaki? Kuna kijana wa ufuoni anasema ataniletea kangaja na kidui kesho kutwa.

mama_stoo
Mwambie asante na hapana. Kangaja lita 200 atazunguka kama mfungwa, kidui atawatafuna wenzake. Na uliza anawatoa wapi, hifadhi ya baharini hapa imelindwa tangu 1968, hata kombe tupu haliokotwi. Nunua kwa mwenye leseni. Anza na wale wa rangi ya chungwa wenye milia myeupe, wawili, basi.

Kaskazi_Mld
Nimeshawishika, kubwa, milimita 10, maji ya bahari. Mke wangu nimemwambia la lita 60 halikupatikana, Mungu anisamehe. Niko kwa fundi sasa hivi, silikoni yake inanuka siki kabisa, ila kwenye tyubu imeandikwa ya bafuni. Inafaa?

fundi_vioo
Ya bafuni ndo yenye dawa ya ukungu. Rudisha.