NCLEX ya Marekani au CBT ya Uingereza: nianze na upi?

ZamuYaUsiku
Habari wakuu. Mimi ni nesi wa diploma, leseni ya Baraza la Uuguzi ninayo, niko wodi ya upasuaji hapa Morogoro mwaka wa tatu sasa. Nimejichanga milioni mbili na ushee. Wengine wananiambia nikomae na NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi Marekani, wengine wanasema CBT, ule wa kompyuta wa Uingereza, ni nyepesi. Nasoma nikitoka zamu, yote mawili sitayaweza. Mliopita huko, nipeni ukweli.

Mama_Triaji
Mdogo wangu, nimefanya yote mawili. CBT ni pauni 83: hesabu maswali 15 kwa nusu saa, kisha maswali 100 ya uuguzi kwa saa mbili na nusu. Hesabu zilinitisha bure. Lita moja ya dripu iishe kwa saa nane, seti ya matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, inakuja 41.67, unaandika 42. Si ndiyo kazi yako ya kila siku?

NCLEX ni mnyama mwingine. Kompyuta inakupima unavyokwenda: ukipatia inaleta gumu zaidi, ukikosa inashuka. Maswali 85 hadi 150, muda saa tano. Mimi ilijifunga kwenye 85, nikatoka nalia najua nimefeli, kumbe nimepita. Na tangu Aprili 2023 kuna visa vya wagonjwa: unapewa faili, unajibu maswali sita juu ya mtu mmoja. Kukariri hakukusaidii. Jaribu hili: una wagonjwa wanne, unamwona nani kwanza?

1. Amevunjika paja, maumivu 9 kati ya 10.
2. Sukari yake 11, anasubiri insulini.
3. Kapasuliwa tezi ya shingo jana, anasikia ganzi pembeni mwa mdomo.
4. Anataka kuruhusiwa, anafoka.

Kipimajoto
Mama, nakupinga kidogo kwenye CBT. Anayesema nyepesi anasahau kuwa ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni OSCE, mtihani wa vitendo, inafanyika Uingereza tu, vituo 10, pauni 794. Waajiri wengi wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, huilipa, lakini ukifeli unarudia ukiwa ugenini na roho mkononi. Halafu CBT ina uhai wa miaka miwili. Rafiki yangu aliipasua vizuri, akakwama kwenye Kiingereza (mtihani wa IELTS, alama 7, kuandika 6.5), muda ukamwishia. Anza na Kiingereza, bwana.

ZamuYaUsiku
Kaka, hiyo OSCE mtu anafanyia mazoezi wapi?

Kipimajoto
Sebuleni. Mdogo wangu alilala kwenye godoro na karatasi mkononi imeandikwa jina, tarehe ya kuzaliwa na namba. Kazi ni kusema kila unachofanya: umenawa, umeuliza jina, umelinganisha na mkanda wa mkononi, umeuliza mzio, ndipo unagusa dawa. Sisi tumezoea kufanya kimyakimya, mgonjwa mmoja kwa nusu dakika. Huko usiposema, mtahini hajaona.

DadaWaMuscat
Huku Ghuba mbona mmeisahau? Oman ni mtihani mmoja wa kuchagua majibu kwenye kituo cha mitihani cha Prometric, na vyeti vyako vinahakikiwa na kampuni ya Dataflow. Mtihani haukunisumbua. Kilichonitesa ni chuo changu kutojibu barua pepe za uhakiki miezi mitatu, hadi shangazi akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi yao. Kabla ya kulipa chochote, hakikisha jina lako ni lilelile kwenye cheti, leseni na pasipoti.

Bakari_wa_Tanga
Jambo moja hapo juu halijasemwa. Tanzania ipo kwenye orodha nyekundu ya Uingereza, ile inayofuata orodha ya WHO ya nchi zenye upungufu wa wahudumu wa afya. Wakala haruhusiwi kuja kukusanya manesi hapa. Wewe kuomba kazi mwenyewe ni ruksa. Kwa hiyo anayekuitisha hela ya "nafasi ya NHS" Kariakoo, mkimbie. Marekani nako ukishapita NCLEX matokeo hayaozi, ila kuna foleni ya EB-3, viza ya kazi, na kulipia mtihani ni dola 200 pamoja na 150 za kufanyia nje ya Marekani, bado ada za jimbo na uhakiki wa vyeti. Kwa milioni mbili, piga hesabu mara mbili.

ZamuYaUsiku
Asanteni sana. Nimeamua: Kiingereza kwanza, niombe mwenyewe, CBT ifuate. NCLEX nitaiweka mwakani hela ikijaa.

Mama_Triaji, lile swali nimelipeleka chumba cha chai. Watatu kati ya wanne wamemkimbilia wa paja.

Mama_Triaji
Ni wa shingo. Tezi ndogo zinazotunza kalsiamu ziko nyuma ya hiyo iliyopasuliwa, zikiguswa kalsiamu inashuka. Ganzi ya mdomo leo, usiku koo linaweza kubana. Wa paja atapiga kelele, na kelele maana yake anapumua. Kesho nakuletea lingine, la potasiamu.