Kumbe aliyetunga muziki wa Commando ndiye wa Titanic, halafu eti alikuwa anajiibia mwenyewe?

Mtoto wa Kibanda Umiza

Wakuu habari za jioni. Mimi ni mgonjwa wa muziki wa muvi, na sisemi zile nyimbo za kuimbwa, nasema ule muziki unaopita chini chini wakati stelingi anajipaka masizi na kupanga silaha. Juzi nimeirudia Commando ya 1985 kwenye laptop, safari hii bila DJ wa kutafsiri juu yake, aisee kumbe kuna vitu mle ndani tulikuwa hatuvisikii kabisa maana DJ alikuwa hanyamazi! Kuna zile ngoma za mapipa ya chuma za kina Trinidad, zinagongwa juu ya kinanda cha umeme na saksafoni, yaani muziki wa sherehe ya ufukweni umewekwa kwenye muvi ya kuuana na bado unakubali. Nikasubiri majina ya mwisho, nikaona James Horner. Nikajiuliza huyu si ndiye yule wa Titanic? Ndiye!

Basi nikaanza kumfuatilia, jamaa kazi zake ni balaa, Aliens 1986, Braveheart 1995, Titanic 1997 iliyompa Oscar mbili usiku mmoja (ya muziki na ya wimbo), Avatar 2009, mpaka alipofariki 2015 kwenye ndege ndogo aliyokuwa anairusha mwenyewe kule California. Ila kila ninapogusa naona watu wanamponda, eti alikuwa anajirudia, anatoa kipande muvi hii anakipachika ile, wengine wanamwita mwizi wa kazi zake mwenyewe. Sasa naomba kuuliza, hivi mtu anaweza kujiibia? Na nyie mnamweka wapi ukimpanga na watunzi wengine wa muziki wa muvi kama Zimmer, John Williams na Morricone? Mimi namweka juu ya Zimmer, haya njooni mnipige.

Fundi Saundi

Mkuu unampenda kwa sababu hujaziangalia muvi zake kwa kufuatanisha. Fanya hivi, chukua Willow ya 1988, halafu Enemy at the Gates ya 2001, halafu Troy ya 2004, halafu hiyo Avatar. Kila hatari ikikaribia utasikia noti nne zilezile, ta-ra-ra-RAAA, za matarumbeta, awe mchawi, awe Mjerumani na bunduki, awe Achilles, wote wanakuja na ta-ra-ra-raa yao. Mashabiki wake wenyewe wanacheka nayo. Tena hata sio zake kihivyo, ukisikiliza simfoni ya kwanza ya Rachmaninoff, mtunzi wa Kirusi, utazikuta zimekaa pale tangu karne ya 19. Na hayo mapipa ya Commando uliyoyashangaa alishayatumia kwenye 48 Hrs mwaka 1982, kwahiyo hata hapo ulipewa kiporo.

Linganisha na Williams. Jaws 1975, noti mbili tu, papa hata haonekani lakini umeshatoa miguu kwenye maji. Miaka miwili baadae Star Wars, huwezi ukachanganya hii na ile hata ukiamshwa usingizini. Huo ndio ufundi, kila picha inapewa sura yake. Horner alikuwa na sauti nzuri, sikatai, ila ilikuwa moja.

Mwalimu wa Kwaya

Fundi nakuheshimu ila hapa unamhukumu mpishi bila kuuliza alipewa saa ngapi. Mtunzi wa muziki wa filamu ndiye mtu wa mwisho kuitwa kazini. Picha ikichelewa kupigwa, uhariri ukichelewa, tarehe ya kutoka haisogei kwa sababu majumba ya sinema yameshapangwa, kwahiyo siku zote zilizoliwa huko juu zinatolewa kwenye siku za mtunzi. Kwenye Aliens Horner alifika London akitegemea kukuta picha imekamilika aanze kuandika, akakuta bado wanaikata. Aliandika akiwa amebanwa shingo, yeye na mkurugenzi wa muvi James Cameron wakaachana vibaya, hawakufanya kazi pamoja tena mpaka Titanic. Na muziki huo wa kukimbizana ukateuliwa kuwania Oscar, na watu wa matrela wakautumia miaka na miaka kutangazia muvi nyingine.

Hiyo Troy nayo unayomsemea ina stori yake. Mtunzi wa kwanza alikuwa Gabriel Yared, Mlebanoni yule aliyechukua Oscar na The English Patient, alishaifanyia kazi karibu mwaka mzima, kwaya imesharekodiwa na kila kitu. Wakaionyesha picha kwa watazamaji wa majaribio, watu wakasema muziki umepitwa na wakati, studio ikautupa WOTE. Horner akaitwa kuziba pengo ndani ya wiki kama mbili hivi, muvi ya zaidi ya saa mbili na nusu. Sasa ndugu yangu wewe ukipewa wiki mbili hutazifuata zile noti nne zako pale zilipo?

Halafu kuna jambo mashabiki wengi hawalijui, wahariri huwa wanaikata picha huku wameweka muziki wa muda wa kuazima kutoka muvi nyingine. Mkurugenzi anakaa nao miezi anauzoea, mtunzi akija anaambiwa "tunga kama huu", na mara nyingi "huu" wenyewe ni wa kwake yeye wa muvi ya juzi! Afanyeje? Mkurugenzi Kubrick alifika mbali zaidi, kwenye 2001: A Space Odyssey ya 1968 Alex North alimtungia muziki ukarekodiwa vizuri tu, Kubrick akabaki na ile ya kuazima ya kina Strauss, na North akaja kujua siku ya uzinduzi pale New York akiwa amekaa kwenye kiti.

Na kujirudia si kwa Horner tu. Sisi wa kwaya kila Desemba tunaimba Messiah ya Handel, kile kipande cha "mtoto amezaliwa kwa ajili yetu". Handel alikitoa kwenye wimbo wake mwenyewe wa mapenzi wa Kiitaliano alioutunga muda mfupi kabla. Mbona waumini hawaondoki kanisani?

Msee wa Eastlands

Hahaha mwalimu umemaliza hapo kwa Handel. Lakini huyu mwenye thread, ati Horner juu ya Zimmer? Zii, hiyo siwezi kubali. Wewe skiza Interstellar 2014 ukiwa na earphone poa, ile organ ni ya kanisa la ukweli, Temple Church huko London, na director Nolan alikuwa amempea karatasi moja tu ya stori ya baba na mtoto bila kumwambia ni muvi ya space, akatunga, ndio akaambiwa. Hapo ndio unajua msee ana kitu kwa roho. Na Lion King 1994, ile sauti ya kwanza kabisa inaita jua, hiyo ni ya Lebo M, mtu wa Soweto alikuwa amekimbia apartheid, Zimmer ndiye alimleta, walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa The Power of One. Oscar ya kwanza ya Zimmer iko hapo, ya pili ni Dune.

Sisi huku tuko na kesi na mtunzi John Barry btw. Out of Africa ya 1985, wamekuja wakashoot hapa kwetu, Ngong iko hapo, ndege inapita juu ya flamingo, na chenye unaskia ni violini za Uingereza mwanzo mwisho na Mozart kwa gramafoni. Hakuna hata ngoma moja kwa theme! Nimejaribu kukasirika nimeshindwa, iko smooth sana, kila nikiona ile ndege nanyamaza. Na Born Free ya simba Elsa, 1966, pia ni yeye, akabeba Oscar mbili. Yaani Kenya imempea huyo mzee Oscar tatu na hakuna hata barabara iko na jina yake.

Fundi Saundi

@Msee Zimmer mimi namheshimu kwa Lion King na Interstellar, baada ya hapo ni kiwanda. Pirates of the Caribbean 2003 jina lililoandikwa ni Klaus Badelt, Zimmer alikuwa kafungwa na kazi ya The Last Samurai, ila mada kuu alizichora yeye na kikosi kizima kikagawana vipande ili kuwahi tarehe. Sasa weka vita vya mwanzo vya Gladiator 2000 halafu weka Pirates uone kama hutacheka. Kwahiyo mwenye thread, ukitaka kumpita Zimmer kwa hoja ya kujirudia wote wako kapu moja.

Na @Mwalimu, muda mfupi nimekuelewa, ila Willow haikuwa wiki mbili na ta-ra-ra-raa ipo. Mtu ambaye kweli alihangaikia kazi ni Ludwig Göransson wa Black Panther. Msweden, angeweza kukaa Los Angeles akadownload ngoma za "Afrika" kwenye kompyuta kama wanavyofanya wengi, akaenda Senegal akazunguka na mwimbaji Baaba Maal kwenye shoo zake, akajifunza ile ngoma ya kwapani, tama, inayobanwa ikabadilisha sauti kama mtu anaongea, akampa stelingi T'Challa. Adui yake Killmonger akapewa filimbi ya Kifulani, na yule mpigaji anaongea na kupiga kelele ndani ya filimbi kwa wakati mmoja, mtu ana hasira zake mle ndani unazisikia. Oscar 2019, halali yake kabisa.

Binti Barazani

Kaka zangu hamjambo. Mnanichekesha na huo wizi mnaousema. Sisi wa pwani tumelelewa na picha za Kihindi, na nusu ya nyimbo za taarab ambazo bibi zetu wakizisikia machozi yanawatoka, ukizichunguza sauti yake ni ya filamu ya Bombay, mtu katia maneno yake ya Kiswahili mafumbo juu, na hakuna aliyemwita mwizi mtu. Tukiuliza tunauliza kama ameitendea haki. Ikiwa umechukua ukaiharibu hapo ndipo tutakusema mpaka ujute.

Mimi kwangu namba moja ni A. R. Rahman, na simsemei Slumdog Millionaire iliyompa hizo Oscar mbili mwaka 2009, hiyo kwangu ni ya kawaida. Namsemea Roja ya 1992 ndiyo filamu yake ya kwanza, na ile Bombay ya 1995 kile kipande cha filimbi bila maneno. Ila Horner nampenda kwa jambo moja. Cameron hakutaka kabisa wimbo wa maneno mwisho wa Titanic, aliona utaishusha picha. Horner akaenda kimya kimya akautunga, Will Jennings akaandika maneno, Celine Dion akarekodiwa kwa siri, halafu jamaa akakaa na kanda yake akingoja siku Cameron yuko vizuri moyoni ndipo ampigie. Huo ni utu uzima! Mwanamke yeyote aliyewahi kuomba kitu kwa mume anaijua hiyo njia.

Mtoto wa Kibanda Umiza

Dada Barazani umeniua na hiyo ya mume 😂

Fundi nimekusoma yote na noti nne nimezikuta, zipo kweli, mpaka mke wangu sasa hivi akizisikia sebuleni ananiitia "baba, hatari hiyo inakuja". Ila bado sikubali kwamba sauti ilikuwa moja. Angalia Titanic pale Jack anamchora Rose, pale orkesta nzima imekaa pembeni, ni piano peke yake na anayepiga ni Horner mwenyewe. Mtu wa mbwembwe angeweka violini mia. Na ile sauti ya mwanamke isiyo na maneno inayopita juu ya meli, ni Sissel wa Norway, Cameron mwanzoni alikuwa anamtaka mwimbaji Enya. Sasa toka hapo nenda kwenye mapipa ya Commando, halafu uniambie ni sauti moja.

Fundi Saundi

Nenda na Braveheart basi, Waskoti wanapigania nchi yao huku zumari zinazolia ni za Ireland 😂

Mwalimu wa Kwaya

Zile za Ireland zinapulizwa kwa mfuko wa kiwiko, sauti yake laini, ina majonzi. Zile za Uskoti zimetengenezwa kupigwa nje vitani, ukiziweka kwenye mazishi ya baba wa mtoto pale mwanzo hakuna atakayelia, watu wataziba masikio. Alichagua sikio, akaacha ramani. Mimi ningefanya hivyohivyo.

Msee wa Eastlands

Sawa mwalimu, na Baba Yetu je? Ile ya kwaya ya Kiswahili, watu huniambia ni ya Lion King.

Mwalimu wa Kwaya

Si ya filamu yoyote hiyo. Ni ya gemu, Civilization IV ya 2005, katunga Christopher Tin wa Marekani, na mwaka 2011 ikawa muziki wa kwanza wa gemu kupata Grammy. Maneno ni Sala ya Bwana tu. Kwaya yangu tumeianza mwezi huu, wanaume wanaipenda kupita kiasi, kila mtu anataka ile solo ya mwanzo na hakuna hata mmoja anayeifikisha mwisho bila kuishiwa pumzi. Mwenye noti zake za besi anitumie, zangu zimekatika ukurasa wa tatu.